Nyumba ya Osundwa Ng'ambo ya Milima

Zipporah Makhanu alikwenda Kanada mwaka wa 1979 pamoja na wanawake wengine watano wa vikundi vya wakulima, na mpaka leo pale Shianda wapo wanaoamini alikwenda kutembea. Picha zipo. Amesimama mbele ya ziwa lenye rangi ya samawati kama sabuni ya kufulia, kitambaa kichwani, mkoba ameukumbatia kifuani kwa mikono yote miwili. Wenzake wanacheka. Yeye hacheki. Ukiitazama picha ile vizuri utaona kwamba hata hilo ziwa hakulitazama.

Alikuwa na miaka arobaini na tisa, mjane, mnene kiasi, mwenye sauti ya kuamrisha hata anapomkaribisha mtu chai. Alilima miwa yake kwenye shamba la marehemu mumewe. Mwendo wa nusu saa kutoka hapo, kwa baba yake, walikaa mama yake mzee, Jael, na kitinda mimba wao, Phanuel. Wakati ule ungemtaja mtu asiyelima miwa watu wangekuuliza kama ni mgonjwa. Miwa ilipandwa mpaka kwenye ukuta wa jikoni. Mboga za kienyeji zikawa kitu cha kununua sokoni, ng'ombe wakafungwa kando ya barabara, na mgeni akielekezwa nyumba aliambiwa ahesabu mashamba, maana nyumba zenyewe hazikuonekana. Harusi kila Jumamosi, mabati mapya kila kilima, redio kila dirisha. Nani angetaka kuambiwa taratibu?

Ni katika msisimko huo, mwaka wa sabini na tano, Phanuel alipotaka kuvunja isimba ya Osundwa.

Osundwa alikuwa ndugu yao wa kati. Isimba ni ile nyumba ndogo ambayo kijana hujijengea kwenye boma la baba yake baada ya kutahiriwa, na Osundwa aliijenga yake vizuri kuliko vijana wenzake wote, na dirisha akaliweka. Kisha akapata nafasi ya kusoma Kanada, akaondoka mwaka wa sitini na moja. Mwaka wa sitini na sita ikaja barua ya padri mmoja wa huko: Cleophas Osundwa alikuwa akifanya kibarua cha likizo kwenye kiwanda cha mbao, gogo likamwangukia, na wamemzika palepale. Mwili haukuletwa, na kwa nauli gani? Wazee wakafanya kama wafanyavyo. Wakakata mgomba wa urefu wa mtu, wakachimba kaburi mbele ya mlango wa isimba, wakaulaza mgomba ndani, watu wakalia machozi ya kweli. Baada ya hapo Jael aliifagia ile isimba kila Jumamosi na kuisiriba kila mwaka kabla ya Krismasi. Miaka tisa.

Sasa mpimaji wa mashamba ya miwa alikuwa amekuja na kamba yake, na kamba ilikuwa inapita katikati ya isimba. Jael alikataa kata kata. Phanuel, aliyejua udhaifu wake mbele ya mama, akamwita dada mkubwa.

"Mama," Zipporah alisema, "hii nyumba inakulanga nafasi bure. Osundwa hawezi kurudi."

"Na kaburi lake?" mama akauliza.

Phanuel akasema, "Mle kuna mgomba tu, mama. Sasa tuogope mgomba?"

Na Zipporah akacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa kifupi, cha mtu aliyechoka kubishana. Lakini angekuwa na uwezo wa kununua kitu kimoja tu maishani mwake, angekinunua kicheko kile kikarudi mdomoni. Jael alipomsikia binti yake akicheka aliinuka, akaingia ndani. Isimba ilivunjwa asubuhi moja, na wiki iliyofuata miwa ikapandwa juu ya sakafu yake na juu ya kaburi.

Wa kwanza kusema walikuwa wakata miwa, watu waliotoka mbali, wasiojua habari za boma lile. Walianza kukata kutoka pande zote mbili, na walipobakisha kipande cha katikati wakaweka mapanga chini. Msimamizi wao, Oduor, akamfuata Phanuel.

"Mzee, kuna mtu huko ndani."

"Mtu gani?"

"Sijui. Anazunguka. Tukikata anazunguka, tukinyamaza anasimama. Wewe ingia kwanza."

Phanuel aliingia huku akitukana. Alitoka akiwa ametulia mno. Katikati ya miwa alikuta majani makavu yamekanyagwa yakalala, njia ya duara, upana wake kama wa nyumba ndogo. Alisema ni nguruwe mwitu. Akakikata kile kipande yeye mwenyewe, peke yake, na machipukizi yalipokua marefu duara likarudi.

Zipporah alijikaza kisabuni akaenda kuona. Ilikuwa saa saba mchana, jua la utosi, hakuna upepo hata wa kupeperusha unyoya. Akasimama pembeni ya miwa. Akasikia hatua ndani ya majani makavu, moja nzito, moja ya kuburuta, moja nzito, moja ya kuburuta. Osundwa alivunjika mguu wa kushoto akiwa mtoto, akawa anauburuta kidogo mpaka anakwenda zake Kanada. Hatua zilizunguka, zikafika pale mlango ulipokuwa, zikatua. Kisha zikaanza tena. Zipporah alikimbia, yeye na unene wake, ndala moja akaiacha shambani.

Tangu siku hiyo hakulala vizuri, na alimwogopa mama yake zaidi ya alivyoiogopa ile miwa. Jael alikuwa ameanza kukataa chakula. Unampikia obusuma na mboga, anamega tonge moja, anasukuma sahani. Ukimuuliza, anakujibu kwa swali.

"Mtoto wangu analalanga wapi siku hizi?"

Mwishowe akamwita Zipporah, akamwambia waziwazi: "Ni wewe ulicheka. Ni wewe utamwendea." Akamfundisha namna ya kumleta nyumbani mtu aliyezikwa ugenini. Unapiga magoti kaburini, unachota udongo kwa mkono wa kulia, unaufunga katika kitambaa kipya. Unamwita kwa jina lake na la baba yake. Unamwambia: mama yako amenituma, inuka twende, nyumba yako inakungoja. Kisha unaondoka bila kugeuka nyuma, na usizungumze na mtu yeyote mpaka ufike. "Lakini maneno yawe ya kweli," Jael alisema. "Aliyekufa hamfuati mwongo."

Basi ile safari ya Kanada ilipotokea, Zipporah hakuichukulia kama bahati. Chama cha wanawake wakulima wa huko kiliwaalika wanawake wa vikundi wa huku, na mtu wa kuwapanga alikuwa Phoebe, mwalimu kijana wa chuo cha kilimo cha Bukura. Ratiba ilikuwa wiki mbili za kutembelea mashamba, kisha wiki moja ya utalii kwa basi, kuvuka milima ya magharibi hadi bahari ya Pasifiki. Zipporah alimpelekea Phoebe barua ya yule padri. Phoebe alitandaza ramani mezani, akafuata barabara ya basi kwa kidole, na kidole kikapita juu ya jina la mji ule ule.

"Mama Zipporah, tutakula chakula cha mchana hapa," alisema. "Nitamwandikia padri."

Zipporah aliitazama ile ramani kama mtu aliyeandikiwa barua na ndugu yake.

Kabla ya kuondoka alikwenda kwa Phanuel. "Nikimleta, atalala wapi? Ng'oa miwa kidogo tu, ujenge kabanda."

"Miwa ina miezi saba, dada. Miwa haing'olewangi. Wewe mlete, tukivuna nitajenga."

"Mavuno ni mwaka ujao!"

"Basi mwambie angoje," Phanuel akasema, na hakuwa akitania.

Alipanda ndege na deni hilo la nyumba moyoni, na kitambaa kipya cheupe ndani ya mkoba.

Kituo cha kwanza cha utalii kilikuwa ukingo wa jabali, kusini mwa Calgary, nyika imetandazwa mbele yake mpaka macho yanachoka. Kwa maelfu ya miaka watu wa kabila la Blackfoot walikimbiza nyati mpaka kwenye ukingo ule, nyati wakaporomoka, watu wakapata nyama ya msimu mzima. Mifupa ilikuwa chini ya majani, tabaka juu ya tabaka. Aliyewaongoza alikuwa mzee wa kabila hilo hilo, nywele mikia miwili kifuani, na aliwaomba wasiokote hata jiwe.

Zipporah akamvuta Phoebe mkono. "Mwalimu, muulize kama hao nyati wanasikikanga."

Phoebe aliona aibu, lakini aliuliza. Mzee hakucheka. Alimtazama Zipporah, akajibu kwa upole, na Phoebe akatafsiri huku sauti imempungua: "Anasema ndiyo, siku zisizo na upepo."

Kuanzia hapo Zipporah hakuwa mtalii tena, kama aliwahi kuwa. Wenzake waliimba ndani ya basi. Waliona milima yenye theluji mwezi wa nane wakapiga vigelegele. Walikanyaga barafu ambayo waliambiwa ni kongwe kuliko Ukristo, wakaokota vipande wakaramba kama watoto. Mwenyeji wao, bibi mmoja mrefu wa kizungu mwenye moyo mwema, aliwapa makoti na chokoleti na kuwahimiza watazame kushoto, watazame kulia. Zipporah alitazama mbele. Baada ya mji wa Jasper waliingia msituni, wakakaa msituni saa na saa. Alizoea msitu wa Buyangu, ambao haunyamazi: nyani, hondohondo, wadudu, matawi yanavunjika. Msitu huu ulisimama kimya, mti kando ya mti, na alihisi ule ukimya unamtazama.

Ndani ya basi kijana mtembeza wageni alieleza habari za nchi ile, na hakuificha. Alisema reli ilipokuja wenyeji walisukumwa kwenye vipande vya ardhi. Watoto wao walikusanywa katika shule za bweni za serikali na makanisa, wakachapwa kwa kusema lugha ya mama zao. Zipporah akakumbuka kile kipande cha ubao alichovishwa shingoni darasa la tatu kwa kusema Kiluhya uwanjani. Kijana akasema wengine hawakurudi makwao.

"Walizikwa wapi?" Zipporah akauliza kupitia kwa Phoebe.

"Baadhi yao hakuna anayejua."

Kisha akasema sasa wanaingia katika nchi ya watu wanaojiita Dakelh. Wazungu wa kwanza waliwapa jina la Wabebaji, kwa sababu zamani mjane alibeba majivu ya mumewe mgongoni, kila aendako, mpaka ndugu wakamilishe karamu ya mwisho ya marehemu. Wenzake Zipporah wakaguna kwa huruma. Yeye akataka kujua alibeba kwa muda gani.

"Mwaka, miaka miwili, mpaka ndugu wawe tayari."

Zipporah alihesabu kimoyomoyo. Yeye na ndugu zake walikuwa wamekaa miaka kumi na mitatu, na bado hawakuwa tayari. Aliona haya peke yake, uso akaugeuzia dirisha.

Mjini basi liliwashusha hotelini kwa chakula cha mchana. Walipewa saa moja. Padri mpya alimchukua Zipporah na Phoebe kwa gari lake mpaka makaburi ya wenyeji, juu ya mto, na hapo getini palikuwa na mwanamke mzee, mfupi, leso imefungwa chini ya kidevu sawasawa na akina mama wa kanisa la Shianda. Jina lake Justine. Hakumpa Zipporah mkono. Alimshika mikono yote miwili akakaa nayo.

Zipporah alitarajia misalaba. Alikuta nyumba. Juu ya kila kaburi palikuwa na nyumba ndogo ya mbao ya kufika kiunoni, yenye paa na dirisha, hii nyeupe, ile ya kijani, mtaa mzima wa nyumba ambazo hakuna anayeweza kuingia. Nyingine zimeinama, nyingine zimelala kabisa ndani ya nyasi. Justine akamwongoza mpaka kwenye moja ya rangi ya manjano, na rangi ilikuwa ya mwaka huo huo. Ilikuwa na kimlango chenye bawaba za kweli, kimefunguliwa kidogo. Dirisha lilikuwa la kioo. Ndani Zipporah aliona sahani, kikombe, miwani ya Osundwa yenye mkono mmoja uliofungwa uzi, na blanketi iliyokunjwa vizuri. Juu ya mlango pameandikwa CLEOPHAS OSUNDWA.

Justine alieleza polepole, Phoebe akatafsiri. Osundwa alikaa kwake kila likizo kwa miaka minne, akilala chumba kimoja na mwanawe, akimwita mama. Alikuwa akiwasimulia kwamba kwao ana nyumba yake, aliyoijenga kwa mikono yake, yenye dirisha, na kwamba mama yake huifagia ili aikute safi. "Alipokufa," Justine akasema, "watu wa kiwanda walitaka azikwe na wageni wasio na ndugu. Nikasema huyu amekula mezani kwangu. Na mtu aliyezoea kuwa na nyumba hatuwezi kumlaza nje."

Zipporah alilia. Alilia kwa sauti, kama wanavyolia kwao, mpaka padri akasogea kando. Kisha akapangusa uso, akatoa kitambaa cheupe, akakitandaza, akapiga magoti.

"Osundwa mwana wa Makhanu," alisema kwa Kiluhya. "Ni mimi, Zipporah. Mama yako amenituma. Inuka twende." Akachota udongo kwa mkono wa kulia. Yale ya nyumba inayomngoja akayaruka.

Justine akamuuliza Phoebe mgeni anafanya nini, na Phoebe, ambaye hakujua lolote kuhusu isimba, akamweleza alivyoweza. Mzee akatikisa kichwa kukubali.

"Anasema umchukue, ni wako," Phoebe akatafsiri. "Wao wataiacha hii nyumba ianguke yenyewe, ndiyo desturi. Anauliza kitu kimoja tu. Ile nyumba yake aliyokuwa akiisimulia, bado iko?"

Neno moja lingetosha. Kutoka pale mpaka Shianda ni nusu ya dunia, hakuna ambaye angekwenda kuhakikisha. Mama yake alikuwa anakufa njaa kwa ajili ya udongo ule. Zipporah alikuwa nao kiganjani, umelowa kidogo, baridi. Angesema ndiyo, angefunga kitambaa, angeondoka bila kugeuka. Na huyo aliyekuwa ndani ya nyumba ya manjano angemfuata kwa uaminifu, kuvuka milima na bahari, mpaka katikati ya miwa.

"Ilivunjwa," alisema. "Tulipanda miwa. Na mimi ndiye niliyesema ivunjwe."

Phoebe alimtazama, hakutafsiri.

"Mwambie, mwalimu."

Phoebe akamwambia. Justine alisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika, wala hakuuliza miwa ni kitu gani. Aliinama taratibu, akakifunga kile kimlango kilichokuwa wazi kidogo, kama mtu anayemkinga mtoto asisikie mazungumzo ya wakubwa.

Zipporah aliurudisha udongo mahali pake, akausawazisha kwa kiganja. Hakuwa na haki ya kuomba kitu, lakini alikuwa dada, na mbele yake ilikuwa nyumba ya ndugu yake ambayo hajawahi kuitembelea. Akagonga ubao kwa kifundo cha kidole. "Hodi," akasema. Akangoja. "Hodi, Osundwa." Mto ulisikika chini kule. Akapiga hodi ya tatu. Kisha padri akakohoa kuonyesha saa imekwisha, na Phoebe akamwinua.

Siku tatu za mwisho hazikumkaa kichwani. Anasema waliona nguzo ndefu za mti zilizochongwa nyuso za ndege na wanyama, zimeinama, na wenyeji hawataki zisimikwe upya, na kwamba mwishoni walifika baharini mvua inanyesha. Picha zilipigwa. Katika hizo zote ameshika mkoba ule ule, usio na kitu ndani isipokuwa kitambaa safi.

Jael alimngoja ameketi kwenye mkeka mlangoni, amekonda mpaka shanga za shingo zimemwia kubwa. Phanuel alikuja pia, kofia mkononi. Zipporah hakuomba hata maji. Alisimulia yote, hata swali la yule mzee, hata jibu lake.

Alipomaliza, Phanuel alishusha pumzi. "Basi tumshukuru Mungu. Kama ana nyumba huko, ametulia."

Jael hakumwangalia Phanuel. Alikuwa akimtazama binti yake.

"Ulipiga hodi?"

"Nilipiga, mama. Mara tatu."

"Akasemaje?"

"Hakujibu."

Mzee alivuta shuka akajifunika mabega, polepole, kwa mikono iliyokuwa mifupa mitupu.

"Hata ningekuwa mimi," akasema, "singekufungulia."